Dakika ya Kumi na Moja

Niseme mapema ili tusije tukalaumiana: mimi si mtu mpole. Miaka ishirini na mbili nimekaa kwenye chumba kimoja juu ya duka la vioo, nikihariri video za harusi, mahafali na mazishi ya watu, na kila anayepanda zile ngazi anakuja na neno lilelile: "Fundi, ni kitu kidogo tu." Kitu kidogo! Bwana harusi anataka nimfute mjomba wake kwenye sherehe nzima, eti ni kitu kidogo. Kwa hiyo mdomo ninao, wateja wanaujua, na bado wanarudi kwa sababu kazi yangu haina doa.

Jumatatu ile aliyepanda ngazi alikuwa wifi yangu, mjane wa mdogo wangu. Ilikuwa wiki ya sita tangu tumzike. Alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa, na hakusema ni kitu kidogo. Alisema, "Wifi, Chiriku anafika Jumamosi."

Chiriku ni binti yao, mtoto wao wa pekee. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu alianza kusema kabla hajaanza kutembea, na hakunyamaza mpaka siku ya ule ugomvi, miaka minne iliyopita. Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani. Alitaka binti abaki, arithi cherehani na wateja. Binti alitaka kwenda nchi ya mbali kuuguza wazee. Maneno yakazaa maneno, na mdogo wangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumfokea hata paka, akasimama mlangoni akamwambia, "Ukivuka kizingiti hiki, usinitafute."

Mtoto akavuka, na kweli hakumtafuta. Kila Jumapili alimpigia mama yake, na baba alikaa karibu akisikiliza, huku akijifanya anatunga uzi kwenye sindano. Kisha ukaja ugonjwa wa koo. Chiriku alipoambiwa, ruhusa ya kazini ikachelewa, karatasi za safari zikachelewa, kifo tu ndicho ambacho hakikuchelewa. Hakumwona baba yake akiwa hai, wala hakuuona mwili wake.

"Humu ndani kuna maneno yake," wifi akasema, akaiweka simu mezani. "Dakika kumi na nane. Alimwachia mtoto. Nataka Chiriku akifika ayakute yako tayari kwenye televisheni, baba yake aonekane vizuri, asikike vizuri. Usipoyaweka sawa wewe, nani atayaweka?"

Nikaipokea. Sikumwambia kilichonichoma moyoni. Dakika zile zilitakiwa zirekodiwe na mimi, kwa kamera yangu na maikrofoni yangu. Mdogo wangu aliniomba mara tatu. Mara ya kwanza sauti yake ilikuwa bado nzima, imekwaruza kidogo tu, nikamwambia wiki ijayo, nina harusi. Mara ya pili nikamwambia wiki ijayo, nina mahafali. Mara ya tatu ulikuja ujumbe wa maandishi, maana sauti ilishaanza kuja na kuondoka, nami nikajibu kwa maandishi: wiki ijayo. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yangu yanauma mpaka leo.

Nilianza kwa kuitazama humohumo kwenye simu. Wifi alikuwa ameiegemeza simu kwenye cherehani, dirisha likiwa pembeni, na mwanga ulikuwa ukija na kupotea kwa sababu ya mawingu. Mdogo wangu alikaa kwenye kiti chake cha kazi, futi yake ya kupimia ikiwa shingoni kama kawaida, ila shingo yenyewe ilikuwa imeisha. Akainua mikono, akapiga kofi moja, viganja pa! Kisha akaanza kusema. Kila kitu kilikuwa mahali pake: mdomo ukifunguka, neno linatoka.

Nikaihamishia kwenye kompyuta. Nikakata lile kofi la mwanzo, nikaondoa vikohozi, nikamwongezea mwanga usoni. Kazi ya asubuhi moja. Nikaiamuru programu initolee video iliyokamilika, nikaenda kuchemsha chai.

Niliporudi nikakaa kuitazama. Dakika ya pili, safi. Dakika ya sita kitu kikaanza kunikera, kama kokoto ndani ya kiatu. Dakika ya kumi na mbili hapakuwa tena na kubahatisha: mdomo unatangulia, sauti inafuata nyuma. Na dakika ya kumi na saba ndipo lilipo neno lililomfanya arekodi yote yale. "Nisamehe, mwanangu," anasema. "Nilikufukuza kwa mdomo. Moyoni hujawahi kutoka." Neno hilo lilipofika, mdomo wake ulikuwa umeshafungwa. Macho yanatazama chini, midomo imetulia, na sauti inaomba msamaha peke yake pembeni, utadhani kuna mtu kamsemea.

Nikasema hapana, haitoki hivi. Mtoto huyu amebeba maneno ya mlangoni miaka minne, na maneno yale aliyaona kwa macho yake yakitoka kinywani mwa baba yake. Na haya lazima ayaone yakitoka kinywani humohumo. La sivyo atasema tumemtengenezea.

Ugonjwa wenyewe naujua, na wateja wakiniletea huwa nawasimanga. Kamera yangu hupiga idadi moja ya picha kila sekunde, haiongezi wala haipunguzi. Simu ni mjanja. Mwanga ukipungua, nayo inapunguza picha. Mwanga ukirudi, inaongeza. Sauti haina ujanja huo, inatembea na saa. Sasa programu ya kuhariri inadhani sekunde zote zina picha sawa, basi zile sekunde zenye picha chache inazipitisha mbio, na picha inaiacha sauti kidogo kidogo mpaka mwisho. Dawa yake ni moja: kabla hujakata chochote, ibadilishe faili ya simu, kila sekunde iwe na idadi ileile ya picha. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo.

Lakini mganga hajigangi. Nilikuwa na msiba na nilikuwa na haraka, na kazi niliyokwisha kuikata niliionea uchungu kuitupa. Nikafanya kile ninachowakataza wengine: nikaanza kuivuta sauti kwa mkono, kipande kwa kipande. Pale aliponyamaza nikakata kimya chake, sauti isogee mbele imkute mdomo. Jumanne nzima nikakata, nikasogeza, nikakata. Jioni mdomo na sauti vilikuwa vinakubaliana, nami nikajipongeza.

Jumatano asubuhi wifi akaja kuangalia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Dakika ya nne akauweka mkoba chini.

"Mbona hapumui?"

"Nani?"

"Mume wangu. Hapumui, wifi."

Nikasimamisha video, nikairudisha nyuma, nikasikiliza. Vile vimya nilivyovikata vilikuwa pumzi zake. Mtu mwenye koo nusu, kila baada ya sentensi anasimama, anavuta hewa kwa nguvu, ndipo anaendelea. Mimi nilizifagia zote kama vipande vya kitambaa chini ya meza. Aliyekuwa kwenye kioo alikuwa mdogo wangu anayesema mfululizo kama mtangazaji wa redio, na mdogo wangu hajawahi kuwa hivyo hata alipokuwa mzima.

"Miezi miwili nimekaa nikizihesabu pumzi zile," wifi akasema. "Wewe umezitoa."

Niliumia, na nikiumia huwa nakuwa mjinga. Nikamwambia, "Basi tafuta fundi mwingine."

"Mafundi wako wengi," akasema taratibu. "Dada yake ni mmoja."

Hakuondoka. Alikaa palepale anaangalia ukuta, nami mbele yake nikafuta kazi yote ya siku tatu. Nikarudi kwenye faili halisi, nikaiacha iende mpaka mwisho kabisa. Nakiri jambo hili kwa aibu: mpaka siku ile nilikuwa sijaifikisha mwisho. Kila mara nilikuwa naishia kwenye lile "nisamehe", nalia, nazima.

Baada ya neno la mwisho anakaa kimya karibu nusu dakika, anatafuta nguvu. Kisha anainua mikono tena, polepole, na anapiga kofi la pili.

"Jamani," nikasema. "Jamani, huyu mtu."

Wifi akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Zamani, kazi ilipoanza, kamera yangu haikuwa na sauti ya maana, kwa hiyo sauti niliirekodi kwenye kifaa cha pembeni. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa msaidizi wangu wikendi, kabla hajafungua duka lake. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya kamera na kupiga kofi moja kabla mtu hajasema lolote, ili nione viganja vikikutana, nisikie mlio, nivipange pamoja. Mwisho anapiga tena, ili nijue kama njiani kuna kilichoteleza. Tulikuwa tunaliita kofi la kufungua na kofi la kufunga. Harusini watu walimcheka, walidhani ni ndugu wa bibi harusi aliyezidiwa na furaha.

"Kumbe," wifi akasema. "Mimi nilimwambia acha makofi, unajichosha. Akakataa katakata."

Siku hiyo nilifanya kazi kama ninavyofundisha. Niliibadilisha faili kwanza. Kofi la kufungua, viganja na mlio pamoja. Nikaruka mpaka kofi la kufunga. Katika ile video ya kwanza, nilipoifungua kulinganisha, viganja vilikutana na mlio ukaja sekunde nne baadaye. Sasa vikakutana na mlio wake, pa! Nilipiga meza kwa furaha mpaka chai ikamwagika. Pumzi sikugusa hata moja. Vikohozi nikaviacha. Makofi yote mawili nikayaacha.

Ikabaki dakika ya kumi na moja.

Niliigundua Alhamisi, nilipokuwa napitia kwa mara ya mwisho. Anamaliza sentensi, anaanza nyingine, na ghafla mdomo unakwenda na sauti haipo. Sekunde tisa. Kabla ya hapo kila kitu ni sawa, na baada ya hapo ni sawa. Nikajiambia simu imemeza sauti, maana simu nazo ni viumbe vya ajabu. Na hapo nikafanya jambo ambalo katika kazi yetu tunaliita kuziba. Dakika ya tatu kuna mahali anasema, "Usihuzunike, mwanangu, kazi ya mikono haina aibu." Nikayachukua maneno hayo, nikayanakili, nikayavuta kidogo hapa, nikayabana pale, nikayapandikiza kwenye sekunde zile tisa mpaka midomo ikakaribia kukubali. Asiyejua asingejua. Nilijisikia fundi kwelikweli, nikampigia wifi simu: kesho njoo uone.

Ijumaa mchana akaja. Safari hii alianza kutabasamu mapema. Dakika ya nne, ilipokuja ile pumzi ndefu, alitikisa kichwa kama mtu aliyesalimiwa. Dakika ya kumi na moja akainua mkono.

"Simamisha. Hapa hakusema hivi."

"Hapo simu ilipoteza sauti, wifi, nimeziba tu kwa..."

"Simu haikupoteza kitu. Sauti yake ndiyo iliyokata. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Hayo maneno yatoe."

Nikayatoa. Nikarudisha sekunde tisa kama zilivyokuwa, nikapandisha spika, na hapo ndipo nikasikia nilichotakiwa kukisikia tangu mwanzo. Sauti ilikuwepo. Pikipiki inapita barabarani. Mlango wa jirani unagonga. Kila kitu kilikuwa kinasikika isipokuwa yeye. Fundi wa miaka ishirini na mbili, na sikuwa nimesikia ile pikipiki.

"Mwishoni mwishoni nilikuwa namsoma mdomo," wifi akasema. "Nilizoea. Chai, maji, nigeuze, funga dirisha. Hebu rudisha."

Nikarudisha. Akasogea karibu na kioo, midomo yake ikawa inakwenda na ya mumewe.

"Anasema: 'Sauti imekata. Haidhuru. Dada atarekebisha.'"

Sasa mtu asiyetujua ataona ni maneno ya kawaida. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano alipoivunja redio ya baba, akaificha chini ya kitanda na kumwambia mama kwa ujasiri wote, "Dada atarekebisha." Alichana shati la shule, dada atarekebisha. Alipoteza ufunguo wa nyumba ya watu, dada atarekebisha. Alipokuwa mtu mzima mwenye mke, umeme ukikatika kwake ananipigia mimi. Nilikuwa namtukana kila mara, na kila mara nilikwenda. Isipokuwa zile mara tatu.

Nililia kwa sauti, bila haya, mpaka mwenye duka la vioo akapanda ngazi kuuliza kama kuna aliyeanguka. Alipoondoka nikamwambia wifi yote. Kwamba aliniomba nikamrekodi sauti ikiwa bado nzima. Kwamba nilisema wiki ijayo, na wiki ijayo, na wiki ijayo.

"Najua," akasema. "Ule ujumbe wa mara ya tatu niliuandika mimi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka."

"Na siku zote hizi hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia nini? Mawifi tukianza, hatumalizi." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Alikasirika siku moja tu. Kesho yake akaniambia lete simu, tutarekodi wenyewe, dada atatusaidia mbele ya safari."

Niliiacha dakika ya kumi na moja kama ilivyo.

Jumamosi, saa tisa alasiri, Chiriku akaingia nyumbani kwao. Amenenepa kidogo, amekata nywele, na hakusema neno ila salamu. Cherehani ilikuwa kwenye kona, imefunikwa shuka. Mama yake alitaka ale kwanza. Akakataa, akaketi chini kwenye zulia mbele ya televisheni na koti lake mwilini. Mimi nilisimama karibu na mlango. Nikabonyeza rimoti.

Kofi la kufungua likamshtua. Kisha baba yake akaanza kusema naye, akipumua, akikohoa, akisimama na kuendelea. Dakika ya kumi na moja sauti ikakata. Chiriku akainama mbele kidogo. Ilipofika dakika ya kumi na saba mimi sikuitazama televisheni. Nilimtazama yeye. Nikasikia, "Nisamehe, mwanangu," na kwa macho yake nikajua kwamba mdomo na neno vimekwenda pamoja. Alijibu hapohapo, kama watu wawili waliokaa chumba kimoja. "Nimesamehe, baba. Nawe nisamehe." Mama yake akatoka nje. Kofi la kufunga likalia, picha ikazima.

Chiriku akageuka. "Shangazi, pale katikati anasema nini? Pale pasipo na sauti."

Ningeweza kumpa yale maneno matano na kuishia hapo. Nilimwambia yote. Nilimwambia baba yake anasema nini, halafu nikamwambia habari ya zile wiki ijayo tatu. "Sauti yake nzima ungeipata," nikasema. "Dakika kumi na nane, hakuna pengo. Mimi ndiye niliyekunyima. Na hapo siwezi kurekebisha."

Alinitazama kwa macho yale ya baba yake, nami nikajiandaa kufukuzwa. Akanyoosha mkono, akachukua rimoti, akarudisha nyuma. Dakika ya kumi na moja. Akaangalia, akarudisha tena, akaangalia.

"Shangazi, umeyaona macho yake?"

"Nilikuwa naangalia mdomo."

"Anacheka."

Nikasogea mpaka nyuma yake, nikainama. Sekunde zile tisa nilikuwa nimeshazitazama labda mara mia, nikahesabu picha zake moja moja, nikapima kila mdomo unavyofunguka. Na kweli alikuwa anacheka. Mashavu yamepanda, macho yamekaribia kufumba, mabega yanatikisika, sawasawa na siku ya redio chini ya kitanda, alipojua kwamba atakayeitwa ni mimi.

"Anakucheka wewe," Chiriku akasema, akajisogeza kwenye zulia ili nipate pa kukaa. Nikakaa. Akarudisha tena.